Baba anakonda na anakula: maswali ya chakula na uzito kwa wanaoishi na maradhi ya neva

Anayemsindikiza mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa) mara nyingi haanzi na mkono unaotetemeka. Anaanza na suruali: "Mzee amekwisha, mkanda tumeutoboa tundu la tatu sasa." Mwenye kifafa naye husindikizwa na malalamiko ya upande wa pili, kwamba sare za shule zinambana kila muhula. Haya ni maswali yanayojirudia kwa familia za hapa Mwanza na visiwa vya ziwani. Nimeipa Parkinson nafasi kubwa kwa sababu ndiko watu wanakohangaika zaidi na sahani.

Baba ana Parkinson. Anakula kama kawaida, mbona anazidi kukonda?

Hilo "kama kawaida" ndilo la kuchunguza kwanza. Kaa naye mlo mmoja, uangalie tonge linavyosafiri. Mkono ni mzito, nusu ya mboga inarudi bakulini, kutafuna kunachukua muda, na wenzake wanapomaliza naye anasema ameshiba ili asionekane anachelewesha vyombo. Kwenye sinia la pamoja hakuna anayejua amekula matonge mangapi.

Halafu kuna pua. Parkinson hupunguza uwezo wa kunusa, pengine miaka kadhaa kabla ya kutetemeka kuanza. Mtu asiyesikia harufu ya sato anayekaangwa jikoni hapati ule mate-mate wa kusubiri chakula. Anakula kwa kuwa ameitwa. Ongeza ndimu, tangawizi, kitunguu swaumu, hata pilipili kidogo kama tumbo linaruhusu, maana ulimi bado unafanya kazi.

Chini ya hapo, tumbo lenyewe hushusha chakula taratibu na choo hukauka, hivyo anashiba haraka na kukaa ameshiba muda mrefu. Misuli inayokakamaa na kutetemeka nayo inatumia nguvu hata akiwa ameketi. Na msisahau huzuni: sonona ni sehemu ya ugonjwa huu, na mtu aliyekata tamaa hana hamu ya kula. Ndugu wakisema ni uzee tu, au wakianza kumtaja jirani mwenye mkono mbaya, warudisheni kwenye sahani.

Akipungua kilo ngapi ndiyo tuanze kuogopa?

Akipoteza kilo 5 katika kila 100 za uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, apelekwe. Kwa mwenye kilo 60, hizo ni kilo 3 tu. Mpimeni mara moja kwa mwezi, mizani ile ile, nguo nyepesi, na muandike kwenye daftari la kliniki.

Daktari atataka kuondoa sababu nyingine pia: kifua kikuu, kisukari, VVU, tezi la shingo, saratani, au meno ya bandia yaliyolegea. Kuwa na Parkinson hakumkingi mtu na kifua kikuu. Mjulisheni uzito mpya hata kama hajauliza, kwa sababu mwili ukipungua dozi ile ile ya levodopa, dawa kuu ya Parkinson, inaweza kuanza kumchezesha mikono na kichwa bila hiari yake, na kule kuchezacheza kunamla kilo nyingine.

Tumeambiwa asile samaki kwa sababu ya dawa. Sasa hapa ziwani tutamlisha nini?

Mpeni samaki. Ushauri huu una ukweli ndani yake, ila umefika kwenu umepinda.

Levodopa hupita kwenye ukuta wa utumbo, na baadaye kuingia kwenye ubongo, kwa mlango uleule unaotumiwa na vipande vya protini. Ni kama kivuko cha Kamanga: chombo ni kimoja na nafasi zina idadi. Dagaa, maziwa na maharage vikifika kwa wingi saa ileile, dawa inabaki gatini. Mgonjwa anaona "dawa leo imegoma", miguu inaganda sakafuni.

Kwa hiyo kinachobadilika ni saa. Dawa imezwe kwa maji, nusu saa kabla ya kula au saa moja na zaidi baada ya kula. Na hapa ndipo penye kosa ninaloliona zaidi: familia ikishtuka kuwa mzee amekonda, inampikia uji wa lishe wenye unga wa dagaa, soya na karanga, inamkabidhi pamoja na kidonge cha asubuhi. Nia njema, saa mbaya. Dawa ikiliwa saa moja asubuhi, uji usubiri hadi saa mbili asubuhi. Chai ya maziwa nayo ni protini, asimezee dawa. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma pia hunasa levodopa tumboni, vitenganishwe kwa saa mbili au zaidi.

Wengi walio mwanzoni mwa ugonjwa hawaoni tofauti yoyote, na hao wale tu bila kujitesa. Kwa wanaoona tofauti kubwa, daktari au mtaalamu wa lishe anaweza kuwapangia mchana wa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), viazi, ndizi na mboga, kisha samaki wengi wahamie mlo wa jioni. Kumnyima kabisa ni kummaliza misuli, na asiye na misuli huanguka.

Kama shida ni kilo, ongezeni mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti kina takriban kalori 120, na hakishindani na levodopa mlangoni. Kitie kwenye uji au mchicha. Parachichi nalo linafaa sana.

Dawa inamtia kichefuchefu. Duka la dawa walitupa ya kuzuia kutapika, lakini akakakamaa zaidi.

Angalieni jina. Metoklopramidi, inayotolewa sana kwa kutapika, huizuia dopamini, yaani kitu kilekile ambacho ubongo wake tayari unakikosa. Mgonjwa wa Parkinson asipewe. Kila mnapofika zahanati kwa ajili ya kutapika, tangulieni kusema ana Parkinson. Ipo dawa nyingine ambayo daktari anaweza kuichagua. Wakati huohuo jaribuni kumpa kipande cha kiazi kitamu au ndizi pamoja na kidonge; hivi havina protini nyingi ya kushindana na dawa. Kichefuchefu cha mwanzo mara nyingi hupungua mwili ukizoea.

Ni kweli upupu unatibu Parkinson?

Mbegu za upupu kweli zina levodopa ya asili, na watafiti wamezifanyia kazi. Hauponyi, kama ambavyo vidonge haviponyi. Tatizo ni kipimo: mbegu hii ina kiasi hiki, ile kiasi kile, na ukichanganya na vidonge unaweza kumwongezea kichefuchefu, kizunguzungu na kuchezacheza. Mkishaanza kumpa, msimfiche daktari.

Anapaliwa kila akinywa maji.

Hili msilichukulie kama uzembe wa kunywa haraka. Kumeza kunatumia misuli mingi kwa mpangilio, na Parkinson au kiharusi huvuruga mpangilio huo. Maji mepesi hukimbia na kuingia njia ya hewa. Uji mzito kiasi humtii zaidi. Akae wima, kidevu kimeinama kidogo, tonge dogo, ameze kabla ya jingine, na asizungumzishwe. Baada ya kula abaki ameketi nusu saa. Pangeni mlo uangukie muda ambao dawa imeshamkolea.

Ugali ushushwe na mlenda. Kwa kazi hii sijaona mboga inayoushinda. Mnofu wa sangara uliochambuliwa ni salama kuliko sato mzima mwenye miba. Akikohoa kila mlo, sauti ikiwa ya majimaji baada ya kula, au homa za kifua zikirudi, ombeni rufaa, ikibidi hadi hospitali ya Bugando, apimwe kumeza. Chakula kinachoingia mapafuni huleta nimonia.

Binti yangu ana kifafa, tangu aanze dawa ananenepa. Nimpunguzie vidonge?

Usipunguze hata kimoja, mama. Kukatisha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Soma boksi: sodiamu valproeti huongeza njaa kwa wengi, na topirameti hufanya kinyume, kwa hiyo daktari ana nafasi ya kubadilisha polepole. Kwa binti kuna sababu kubwa zaidi ya kuzungumza naye mapema: valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, ubongo na uti wa mgongo, hivyo mpango uwepo kabla ya umri wa kuzaa.

Nyumbani, anza na soda na maandazi ya saa nne. Atembee, acheze netiboli. Ziwani asiogelee peke yake, hata pale maji yanapomfika kiunoni.

Njaa ya ghafla huwapata pia baadhi ya wagonjwa wa Parkinson wanaotumia dawa za jamii ya pramipeksoli. Mtu anaamka usiku kula bila kuweza kujizuia. Anahitaji kubadilishiwa dawa, akigombezwa atajificha tu.

Siku hizi mzee anataka kula chumbani peke yake.

Anaona aibu ya mchuzi kumwagika. Mwondoeni kwenye sinia la pamoja, mpeni bakuli lenye kingo ndefu na kijiko kizito chenye mpini mnene. Kitambaa chenye maji chini ya bakuli hulizuia kuteleza. Aanze robo saa kabla ya wengine kunawa, ili wamalize pamoja.