Je, wajua minyoo ya kichocho inaletaje kansa ya kibofu?

Huku Kanda ya Ziwa kichocho tunakijua kama ugonjwa wa kukojoa damu tu basi, ila ukikaa nacho miaka mingi bila dawa kinaweza kukuletea kansa ya kibofu. Cha ajabu minyoo yenyewe wala haikai ndani ya kibofu, inaishi kwenye mishipa ya damu ya jirani. Mayai yake ndo yanakwama kwenye ukuta wa kibofu, kinga ya mwili ikiyaona inaanza vita na haiachi.

Sasa hapa ndo penyewe. Seli za kinga zikipigana zinamwaga kemikali za kuitana kama TNF, interlukini-1 na interlukini-6, na seli za mwili zina vipokezi vyake huko nje, we chukulia ni kengele ya getini, ikibonyezwa tu ndani zinaamka protini, NF-kB kwa TNF na interlukini-1, STAT3 kwa interlukini-6, zinaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kuiambia seli isife, igawanyike, izibe kidonda. Kwa jeraha la wiki moja hiyo safi kabisa. Ila ikilia miaka na miaka seli zinagawanyika mfululizo, DNA inaharibiwa na sumu za hiyo vita, na seli mbovu iliyotakiwa ijiue inaambiwa endelea kuishi!

Na kansa ikishaanza ina ujanja, seli zake nyingi zinatengeneza interlukini-6 zenyewe na kujibonyezea. Ishara hizohizo zinaita mishipa mipya ya damu, zinafanya seli zitoe vimeng'enya vya kulainisha nyama iliyozizunguka, ziachane na wenzake, ziingie kwenye damu na kuhamia viungo vingine.

Si tuzuie hizo kemikali yaishe? Wamejaribu. 2017 yalitoka majibu ya utafiti wa CANTOS, watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, wengine wakapewa dawa ya kanakinumabu inayoshika interlukini-1 beta isifike kwenye kipokezi. Walikuwa wanatafuta mambo ya moyo, wakakuta vifo vya kansa ya mapafu vimepungua kwa waliopata dozi kubwa. Lakini vifo vya maambukizi vikaongezeka, maana kinga inatumia kengele ileile, na baadaye ilipojaribiwa kwa watu ambao tayari wana kansa ya mapafu haikufikia malengo.

Kwa kichocho mpango bado ni dawa ya prazikwanteli, minyoo ikifa hakuna mayai mapya.