Prosesa Kuingia Kwenye Soketi Hakutoshi

“Kama prosesa inaingia kwenye soketi, itafanya kazi.” Kauli hii husikika sana kwa wanaotaka kuipa nguvu kompyuta ya mezani ya zamani kwa kuibadilishia prosesa (chipu kuu inayochakata kazi zake), na inawapotezea watu hela bure.

Chukua soketi (kiti cha prosesa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta) ya Intel iitwayo LGA 1151. Ilitoka 2015 na prosesa za kizazi cha sita, kisha zikaja za saba. Mwishoni mwa 2017 kikaja kizazi cha nane cha prosesa za kompyuta za mezani: idadi ya pini ileile, umbo lilelile, lakini kazi za baadhi ya pini zilibadilishwa na chipseti (chipu za mazabodi zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) za mfululizo wa 300 zikahitajika. Weka Core i5-8400 ya kizazi cha nane kwenye mazabodi yenye chipseti ya zamani ya H110: itakaa sawasawa, ila skrini itabaki nyeusi. Na prosesa yenyewe ni nzima kabisa!

Hata chipseti inaporuhusu, BIOS, programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, nayo ina usemi. H110 huikubali Core i5-7400 ya kizazi cha saba, lakini bodi za mwanzo hudai BIOS isasishwe kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza kufa, kwa hiyo tumia UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika).

Kabla ya kununua, soma jina la modeli na toleo vilivyochapishwa kwenye mazabodi yenyewe, kisha tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye tovuti ya mtengenezaji. Humo huandikwa pia toleo la BIOS linalohitajika. Prosesa unayoitaka ikikosekana, usiinunue, hata muuzaji akikuapia.