Subaru yenye turbo: injini ya kiwandani inabeba farasi wangapi?

Swali hili haliishi kuhusu injini za EJ, zile za Impreza WRX, Forester XT na Legacy GT, magari ambayo wengi Afrika Mashariki huyaagiza kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Majibu yanayozunguka ni namba tupu: 300, 350, 400. Mtu hushika namba moja, akaongeza busti (presha ya hewa ambayo turbo huisukumia injini) hadi aikaribie, na miezi michache baadaye injini imenoki. Namba yenyewe huenda haikuwa ya uongo. Ilikosa masharti yake.

Dhana: Ukiwa chini ya farasi fulani, uko salama

Watyuni (mafundi wa kupanga na kuongeza nguvu za injini) wazoefu wengi huichukulia EJ205 ya lita 2.0 kuwa inafika karibu farasi 300 kwenye magurudumu, na EJ257 ya STI (toleo kali la WRX), lita 2.5, karibu 350, ikiwa pistoni na konrodi ni za kiwandani. Ni makadirio ya busara. Lakini farasi ni matokeo ya hesabu: nguvu ya msokoto mara mizunguko ya injini kwa dakika. Msokoto wa Nm (newtonmita) 400 kwenye mizunguko 3,000 ni farasi 171 tu. Nm 400 hizohizo kwenye mizunguko 6,000 ni farasi 342. Kwenye karatasi ya daino, mashine ya kupimia nguvu za gari, gari la pili ndilo linalotisha, ilhali mgandamizo wa wastani unaosukuma pistoni ni uleule kwa yote mawili. Tena gari la kwanza linaweza kuwa kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu kwenye mizunguko ya chini presha ya oili ni ndogo, na mchanganyiko wa hewa na petroli hukaa muda mrefu zaidi kwenye joto kabla haujaisha kuungua.

Ndiyo maana turbo ndogo iliyolazimishwa kujaza busti yote mapema inaweza kuvunja injini kwa farasi 260, wakati turbo kubwa kidogo inayojaza taratibu inafika 300 bila kishindo. Anayekuuliza gari lako lina farasi wangapi, mwoneshe mchoro wa msokoto kuanzia mizunguko 2,500. Na uulize namba ilipimwa wapi: kwenye magurudumu au imekadiriwa kwenye krenki? Subaru huendesha magurudumu manne, kwa hiyo tofauti ya hizo mbili ni kubwa, na daino mbili tofauti huweza kutoa namba tofauti kwa gari lilelile siku hiyohiyo.

Dhana: Bar 1 ya busti ni ileile popote

Geji ya busti hupima presha iliyozidi ile ya hewa ya nje. Mombasa, usawa wa bahari, hewa ina takriban bar 1.01. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni takriban bar 0.82. Geji ikisoma bar 1 Mombasa, ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) kuna bar 2 kamili, na turbo imeigandamiza hewa mara mbili. Ukitaka bar 2 zilezile Nairobi, geji lazima ifike 1.18, na turbo inaigandamiza hewa karibu mara 2.4. Inabidi izunguke kasi zaidi, na hewa inatoka ikiwa na joto zaidi.

Kwa TD04, turbo ndogo ya WRX na Forester nyingi, hapo tayari umetoka kwenye eneo lake la kufanya kazi vizuri. Kuanzia hapo kila sehemu ya busti unayoongeza inaleta joto jingi na hewa kidogo. Kwa hiyo ramani ya kompyuta, yaani mpangilio wa petroli, plagi na busti, iliyotengenezwa Mombasa isiletwe Nairobi bila kupimwa upya, na ya Nairobi isishuke pwani vilevile: huko hewa ni nzito, mzigo wa injini unaongezeka.

Dhana: Injini hufa kwa sababu ya nguvu nyingi

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hapa ndipo injini nyingi zinapokwisha. Kinachoua EJ mara nyingi ni mlipuko holela: sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Presha inapanda ghafla mno, na pistoni za kiwandani, ambazo ni za kumimina, hazipendi kishindo hicho. Kinachopasuka ni ukuta mwembamba kati ya mfereji wa ringi ya kwanza na wa pili. Injini za lita 2.5 zinajulikana sana kwa ugonjwa huu, na silinda ya 4 hutajwa kila mara. Dalili zake: gari linaanza kula oili, moshi wa bluu, injini inatetemeka ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na oili inajaa kwenye mabomba ya intakula (kipoza hewa ya turbo).

Sababu ya kwanza ya mlipuko holela kwetu ni petroli. Gari la turbo la Japani lilipangwa kutumia petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo kiwango chake cha kitaifa hakiruhusu oktani chini ya 96. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu mara nyingi iko chini ya hapo. Maana yake, gari ambalo halijaguswa kabisa linaweza kuwa tayari linajitetea: kompyuta inasikia mlipuko kupitia sensa yake na kurudisha nyuma muda wa plagi, yaani kuchelewesha cheche. Mwenye gari anaona limepungua nguvu, anaongeza busti ili "lirudi," na anaiongezea injini ileile shida iliyokuwa ikiikimbia.

Haya hayahitaji kubahatisha. Kebo ya OBD (ya kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi ya gari), kompyuta mpakato na programu ya bure ya RomRaider vinasoma kompyuta ya Subaru nyingi za kuanzia miaka ya 2000. Injini ikiwa imepata moto, mahali salama pasipo na magari au kwenye daino, piga gia ya tatu, mafuta yote, kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,500, na urekodi busti, muda wa plagi, masahihisho ya mlipuko na joto la hewa inayoingia. Angalia pia kizidishi cha muda wa plagi, kinachoitwa IAM au DAM. Kwenye kompyuta za zamani namba yake kamili ni 16, kwenye za baadaye ni 1.0. Kikishuka, kompyuta imepoteza imani na petroli au na ramani. Masahihisho ya digrii 1.4 au zaidi yanayojirudia busti ikiwa kamili ni amri ya kusimama, sio ya kujadili.

Uwiano wa hewa na petroli wakati wa busti uwe karibu 11 hadi 11.5 kwa 1. Usiutegemee usomaji wa sensa ya oksijeni ya kiwandani kwa hili. Haisomi sawasawa mchanganyiko mzito, yaani wenye petroli nyingi. Funga sensa ya oksijeni ya masafa mapana.

Dhana: Ekzosi huru na kichujio cha hewa ni nyongeza salama, hazihitaji kutyuni

Ukitoa bomba la kwanza baada ya turbo pamoja na katalitiki (kisafisha moshi) yake, moshi unapita kwa urahisi, turbo inazunguka kasi zaidi, na westigeti (mlango unaopunguza moshi unaozungusha turbo) ndogo ya kiwandani huweza kushindwa kuimudu. Busti inapanda yenyewe kuliko ramani inavyotarajia. Kichujio kipya kikiwa na bomba la kipenyo tofauti kwenye sensa ya hewa, kompyuta inahesabu hewa vibaya, na mara nyingi inapeleka petroli pungufu. Ukifanya vyote viwili bila ramani mpya, umeongeza hewa na umepunguza petroli. Hakuna njia ya uhakika zaidi ya kuyeyusha pistoni.

Na petroli yenyewe ina hesabu yake. Injini ya turbo huhitaji takriban cc 6 za petroli kwa dakika kwa kila farasi. Injekta za WRX za mwanzo wa miaka ya 2000 ni za cc 420 hivi. Nne, zikifanya kazi asilimia 85 ya muda wake, zinalisha farasi 230 na kidogo. Ndivyo gari lilivyotoka kiwandani, ziada haipo. Kwa farasi 300 utahitaji injekta za cc 550 na pampu ya petroli inayoweza kuzifuata. Plagi nazo ziende daraja moja baridi zaidi (kwa NGK, kutoka 6 kwenda 7), pengo la milimita 0.7.

Vali inayomwaga busti nje kwa kishindo haiongezi farasi hata mmoja. Hewa ile ilishapimwa na sensa, kompyuta imeshaipelekea petroli, halafu imemwagwa. Kwa sekunde hiyo mchanganyiko unakuwa mzito na moshi mweusi unatoka. Acha ya kiwandani irudishe hewa kwenye mfumo.

Dhana: Bloku iliyofungwa juu haivunjiki, na pistoni za foji zinamaliza tatizo

Ni kweli EJ20 za turbo za mwanzo zilikuwa na bloku iliyofungwa juu (silinda zimeshikwa pande zote kwenye uso wa juu), na ni imara. Lakini kwenye injini ya kiwandani pistoni na beringi za konrodi hutangulia kufa, bloku ikiwa bado nzima. Pistoni za foji, yaani za chuma kilichofuliwa kwa presha badala ya kumiminwa, huvumilia kishindo zaidi. Haziruhusu ramani mbovu. Mlipuko holela ukiendelea, utaharibu beringi au gasketi badala ya pistoni, kwa gharama kubwa zaidi.

Beringi hizo zinastahili heshima kwa sababu nyingine. Krenki ya injini bapa ni fupi, kila konrodi ina shingo yake, kwa hiyo beringi ni nyembamba. Oili ikikatika kidogo tu, zinaguna. Bomba la kunyonya oili kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) linajulikana kupasuka kwenye sehemu ya kuchomelea; likipasuka, pampu inanyonya hewa. Kabla ya kuongeza nguvu yoyote, fungua sampu, weka bomba imara zaidi, na ukague vipande vya shaba au vya kung'aa kwenye oili. Injini zenye AVCS (mfumo wa Subaru wa kubadilisha muda wa vali) huwa na kichujio kidogo cha wavu kwenye boliti ya oili inayoelekea turbo. Kikiziba, turbo inakufa kwa kiu. Pima oili kila unapojaza petroli. EJ hunywa oili, na sampu yenye lita 3 badala ya 4 kwenye kona kali inatosha kuimaliza.

Dhana: Injini ya kuagizwa yenye kilomita chache iko tayari kuongezwa nguvu

Odometa haikuambii chochote kuhusu ringi. Pima kompresheni silinda zote nne, betri ikiwa na chaji na mafuta yakiwa yamekanyagwa yote. Usitishwe na namba ndogo ukiwa mwinukoni: silinda yenye bar 11 Mombasa itasoma karibu 9 Nairobi. Kinachotafutwa ni tofauti. Silinda moja ikipungua zaidi ya asilimia 10 kuliko nyingine, ipime kwa kuijaza upepo. Upepo ukisikika kwenye mfuniko wa oili, ni ringi au pistoni. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi. Upepo ukitokea kwenye ekzosi, ni vali. Upotevu wa upepo ukizidi asilimia 20, usiongeze busti.

Badilisha mkanda wa taimingi kama historia yake haijulikani. Vali na pistoni za injini hizi hugongana mkanda ukikatika, hata kwenye farasi 200.

Na gia boksi ya WRX ya gia tano isisahaulike: meno ya gia ya tatu hukatika kwa msokoto ambao injini bado inaumudu, hasa kwa wanaoachia klachi ghafla kwenye mataa. Ile ya STI ya gia sita ni imara zaidi, lakini huwezi kuihamisha peke yake. Difu ya nyuma na uwiano wa gia zake lazima vilingane nayo.