Hawatafuti dhahabu: watu wanavyoielewa vibaya akiolojia kabla ya ujenzi

Kila nikisoma habari kwamba huko Uingereza wamechimba mambo ya kale kwanza ndo wakajenga, lazima kuna mtu atauliza dhahabu ngapi imepatikana. Jamani sio hivyo. Kiwanja cha Bloomberg, kampuni ya habari za fedha, pale London kilichimbwa 2010 mpaka 2014, na kilichoshangaza watu ni vibao vya mbao 405 vya enzi za Warumi, walikuwa wanavipaka nta wanaandika kwa kalamu ya chuma, nta imeisha zamani ila mikwaruzo imebaki kwenye mbao na wataalam wameweza kuisoma. Kimoja kina tarehe kabisa, 8 Januari mwaka 57, ni hati ya deni, jamaa anakubali kwamba anadaiwa dinari 105 za mali aliyochukua! Mbao hazikuoza kwa sababu pale kulikuwa na kijito, tope limelowa muda wote, hewa haipenyi.

Wengine wanasema akiolojia inaua mradi. Mara nyingi hapana, England tangu 1990 suala hili linaangaliwa mapema kwenye kibali cha ujenzi, wanachimba mitaro ya majaribio, wakikuta kitu muda unapangwa, na kwa kawaida gharama ni ya mwenye mradi, sio kodi ya wananchi. Hiyo ofisi ya Bloomberg yenyewe ilijengwa ikaisha, na chini yake leo unaingia unaona hekalu la Mithras, mungu aliyeabudiwa enzi za Warumi.

Na ile picha ya watu na vibrashi tu pia haijakamilika. Udongo wa juu unaondolewa na ekskaveta, bakuli lake halina meno, mwanaakiolojia amesimama pembeni anaangalia, ndo baadaye mwiko mdogo wa mkono, kama wa fundi ujenzi, unaingia.

Ila dhana inayoniuma zaidi ni hii ya "mbona hamna kitu hapo, udongo tu". Nyumba za kabla ya Warumi nyingi zilikuwa za miti, nguzo ikioza inaacha duara la udongo mweusi, basi, hakuna kingine, na maduara hayo yakijipanga unaiona nyumba nzima na mlango wake ulikuwa wapi. Ndo maana huwezi kusema tujenge kwanza tutachimba baadaye, msingi ukishapita hapo matabaka ya udongo, ya zamani chini na ya karibuni juu, yamevurugika na hata ukiokota vyungu vyote huwezi tena kujua kipi kilitangulia.