Mlango wa Nora si wa Minnie Wright

Nimesoma tena uhakiki unaosema Minnie Wright, mwanamke wa tamthilia ya *Trifles*, "alishindwa kujipata" kwa sababu hakuthubutu kumwacha mumewe na kuondoka. Jamani! Hoja hii nimekutana nayo mara nyingi mno, na leo siwezi kuipita kimya.

Kipimo cha mlango kimetoka kwa Nora wa tamthilia ya Henrik Ibsen, *A Doll's House*, na Nora ni wa Norway, 1879. Anamwacha mumewe, mlango unafungwa, pazia linashuka. Tangu hapo kila mhusika mwanamke anaulizwa swali lile lile: aliondoka au hakuondoka? Ukiziendea tamthilia za wanawake wa Marekani kwa swali hilo, utarudi mikono mitupu. Wao waliuliza jambo lingine: mwanamke huyu anajulikana kwa jina gani, ni nani anayelitamka, na maisha yake yameacha alama wapi?

Tuanze na huyo Minnie. Susan Glaspell aliandika *Trifles* mwaka 1916, kutokana na kesi ya mauaji ya huko Iowa aliyowahi kuiripoti akiwa mwandishi wa habari. Ni tamthilia ya tendo moja, na Minnie hatokei jukwaani hata mara moja. Yuko mahabusu, akituhumiwa kumnyonga mumewe kwa kamba. Wanaume wanapanda ghorofani kutafuta sababu ya mauaji, wanawake wawili, Bi. Hale na Bi. Peters, wanabaki jikoni. Vitu vilivyomo humo ndivyo vinavyomsimulia: chupa za jemu zilizopasuka kwa baridi, kazi zilizoachwa nusu, tundu la ndege lenye mlango uliovunjwa, na vipande vya blanketi la viraka.

Hapo kwenye viraka wahakiki wanapita mbio, na ndipo penye kiini. Kipande kimoja kimeshonwa hovyo, tofauti kabisa na vingine. Bi. Hale anaufumua mshono huo na kuanza kuushona upya. Angalieni mpangilio: anafanya hivyo *kabla* hawajamkuta ndege aliyevunjwa shingo, amefungwa kwenye hariri ndani ya kisanduku, yaani sababu ile ile wanayoitafuta wanaume. Hajui bado ni nini kilichotokea, lakini mikono yake imeshachagua upande. Huko ni kuharibu ushahidi, na Bi. Peters, mke wa sherifu, anaona.

Kwa wanaoigiza: mshono ule uonekane. Tumieni uzi wa rangi iliyokolea na mishono mirefu iliyopinda, na mwigizaji afumue kwelikweli. Akiigiza kwa vidole vitupu, hadhira hudhani anapoteza muda, na nusu ya tamthilia imekwenda.

Kuna pia lile neno la mwisho. Wanaume wanacheka kwamba wanawake wanajadili kama Minnie angeunganisha blanketi kwa kulishonea lote au kwa kufunga mafundo. Mwishoni mwendesha mashtaka anauliza tena kwa mzaha, na Bi. Hale anamjibu: mafundo. Ukitafsiri, usithubutu kuandika "kushona". Kiswahili kimetupa zawadi hapa: fundo la uzi, fundo la kamba shingoni mwa mume, na fundo la moyoni lililokaa miaka na miaka. Mwigizaji alitamke neno hilo polepole, mkono ukiwa juu ya mfuko wa koti. Kisanduku kimo humo.

Basi ni nani anayejitafuta? Kwa maoni yangu ni Bi. Peters zaidi kuliko Minnie. Hana hata jina lake mwenyewe, ana la mume tu. Mwendesha mashtaka anamwambia kwamba mke wa sherifu ni kama ameolewa na sheria. Muda mfupi baadaye Bi. Peters anajaribu kukificha kisanduku cha ndege kwenye mkoba wake. Hakiingii. Anajaribu kumtoa ndege, anashindwa kumgusa, na Bi. Hale anakinyakua. Pale ambapo mkoba unakataa, mtu anabadilika mbele ya macho yetu, na hakuna mlango uliofungwa kwa kishindo.

*Machinal* ya Sophie Treadwell, 1928, nitaipitia haraka. Ina vipande tisa. Kwenye orodha ya wahusika, mhusika mkuu ni "Mwanamke Kijana", basi. Sikilizeni sauti: mashine za ofisini, kisha wodi ya wazazi huku nje wakipigilia vyuma vya jengo. Anayezipunguza sauti hizo ili maneno yasikike vizuri ameivunja tamthilia, maana mwanamke yule kazi yake yote ni kusikika juu ya kelele. Mwishoni, kwenye kiti cha umeme anakouawa kwa hukumu, anaita mtu, yeyote yule, na neno linakatwa katikati.

Nikija kwa *'night, Mother* ya Marsha Norman, iliyopata tuzo ya Pulitzer 1983, nakiri sina uhakika. Jessie anamwambia mama yake kwamba usiku huo atajiua. Saa zilizopo jukwaani zinatembea kwa muda halisi, hakuna mapumziko, naye anajaza mitungi ya peremende na kumwelekeza mama mambo ya nyumba. Wako wanaosema huo ndio uamuzi wake wa kwanza ulio wake kweli. Naiona hoja, ila siwezi kuimeza. Nikimtazama mama mwishoni, simu mkononi na sufuria haijatoka mkono wa pili, naona mtu aliyemjua binti yake kwa usiku mmoja tu, akiwa amechelewa.

Wasomaji wa Kongo na Uganda mtaijua *Ruined* ya Lynn Nottage kwa uchungu mwingine. Mwaka 2004 Nottage alikwenda Uganda kuwasikiliza wanawake waliokimbia vita Kongo, na mwaka 2009 tamthilia ikapata Pulitzer. Mama Nadi anaendesha baa katika mji wa machimbo, na anajijenga kwa bei: nani anaingia, kwa kiasi gani, risasi zibaki kaunta. Kuondoka? Aende wapi? Kwake mlango unalindwa.

Mwishoni anakiri jeraha lake kwa Christian, mwanamume anayempenda, wanacheza polepole. Wahakiki kadhaa walisema ni utamu uliozidi. Mimi nayumba. Nikisoma kitabuni, nakubaliana nao. Lakini mwigizaji akisimama kwanza, kwa muda mrefu, mikono ikiwa haijui iende wapi kwa sababu hapa hakuna cha kuuza, namwamini.