Mwendelezo wa biashara ni nini, na unatofautianaje na kujikwamua baada ya maafa?

Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013, ukumbi wa abiria wanaowasili kutoka nje katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uliteketea kwa moto. Ndege zilizokuwa njiani zikaelekezwa Mombasa na viwanja vingine. Lakini jioni ya siku hiyohiyo ndege za ndani na za mizigo zilianza tena kuruka, na punde abiria wa kimataifa wakawa wanapokelewa kwenye jengo la safari za ndani na chini ya mahema. Ukumbi ulikuwa majivu. Uwanja ulikuwa kazini.

Yale mahema ndiyo mwendelezo wa biashara: kuendelea kutoa huduma za lazima, hata kwa kiwango cha chini, wakati tatizo bado halijaisha. Kujenga ukumbi mpya, kurudisha mitambo, kulipa hasara na kurejea kama zamani, huko ni kujikwamua baada ya maafa. Vyote viwili vinahitaji mpango, na mipango hiyo haifanani. Wafanyabiashara wengi ninaozungumza nao wana huu wa pili tu, tena kwa neno moja: bima. Bima ni kitu kizuri na namhimiza kila mtu aikate. Ila fidia huja baada ya tathmini, na wiki zote hizo mteja wako bado anakula, bado anaumwa, bado ananunua. Ananunua kwa jirani.

Mpango wa mwendelezo hauanzi kwa kuorodhesha maafa. Moto, mafuriko, wizi, ugonjwa, jengo la pembeni kuporomoka: orodha hiyo haina mwisho, na siku ikifika litatokea lile ambalo hukuliandika. Anza na kile unachoweza kukikosa. Ukifika asubuhi ukakuta huwezi kuingia dukani, utauzia wapi? Umeme usipokuwepo, kazi gani itasimama ya kwanza? Yule mtu mmoja anayejua kila kitu asipoamka? Kumbukumbu zote zikipotea? Haijalishi mlango umefungwa na moto au na utepe wa polisi, maana jibu lake ni lilelile.

Kisha kila kazi ipewe muda wake: inaweza kusimama kwa saa ngapi kabla ya hasara kuwa isiyorekebishika? Si kazi zote zina haraka sawa. Kenya husafirisha maua mabichi kwenda Ulaya kwa ndege, na ua lililokatwa halisubiri ukumbi mpya. Ofisi ya utawala inaweza kusubiri.

Unguja inafundisha hili kwa undani zaidi. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa miezi mitatu, kisiwa kilikosa umeme wa gridi baada ya njia inayotoka bara kupitia chini ya bahari kupata hitilafu. Maji nayo yakawa shida, kwa sababu pampu zinategemea umeme huohuo. Mwaka 2008 walikuwa wamekaa gizani karibu mwezi mzima. Sasa fikiria duka la dawa katika hali hiyo. Rafu ya vidonge inaweza kuuzwa kwa mwanga wa tochi. Insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, haina nafasi hiyo: chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kwa hiyo muda wa duka zima si mmoja. Vidonge vina wiki, vitabu vya hesabu vina siku, insulini ina saa. Mwenye duka anayelijua hilo hahitaji jenereta ya kuwasha taa zote na feni. Anahitaji chanzo kidogo cha umeme kwa friji moja, kipimajoto ndani yake, sanduku la barafu lililo tayari, na makubaliano na hospitali au duka jingine la kupokea dawa zake, yaliyofanywa kabla ya giza. Nguvu inakwenda panapouma kwanza.

Kipimo cha pili kinahusu kumbukumbu: uko tayari kupoteza kazi ya muda gani? Ukihifadhi nakala kila Jumapili na janga likaja Jumamosi, umekubali kupoteza karibu wiki nzima. Na nakala hiyo isikae pamoja na ya kwanza. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliunguza kituo cha data cha OVHcloud, kampuni inayowahifadhia wateja data zao, huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa zimewekwa palepale zilipokuwa data zenyewe. Vikaungua pamoja. Daftari la madeni na nakala yake kwenye droo moja ni kosa hilohilo. Bidhaa zilizoungua unaweza kuzikopa upya kwa msambazaji. Madeni ya wateja 80 yaliyokuwa kwenye daftari hayakumbukwi kwa kichwa. Piga picha ukurasa wa leo kila jioni unapofunga, itume kwenye simu ya mtu asiyelala nyumba moja nawe.

Kampuni kubwa zina kiwango cha kimataifa cha kufuata, ISO 22301, chenye taratibu za ukaguzi na majukumu. Kwa biashara ndogo, karatasi mbili zinatosha: nani anampigia nani, namba za wasambazaji, mahali pa kuuzia kwa muda, nani ana ufunguo wa pili, laini ya simu ya wakala wa pesa imesajiliwa kwa jina la nani. Hili la laini nalisisitiza. Ikiwa imesajiliwa kwa jina la mfanyakazi aliyeacha kazi, simu ikiibiwa hutaweza kuirudisha wewe mwenyewe.

Karatasi hizo zijaribiwe. Chagua asubuhi moja isiyo na wateja wengi, zima umeme kwenye swichi kuu, mwache msaidizi wako aendeshe duka kwa saa mbili bila kukupigia simu. Kila atakapokwama, andika.