GTFS: mafaili yanayoiwezesha simu kukuambia matatu ya kupanda

GTFS ni muundo wa kuandika taarifa za usafiri wa umma katika mafaili ya maandishi matupu, kila thamani ikitenganishwa na nyingine kwa mkato, kisha mafaili yote yakafungwa katika faili moja la zipu (zip). Ukiiuliza simu namna ya kutoka Kawangware hadi Buruburu, nayo ikakujibu upande matatu namba 46 hadi katikati ya Nairobi kisha ushike namba 58, jibu hilo limechotwa humo. Programu inayoonekana kwenye kioo ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Programu yenye sura nzuri hufa upesi ikiwa nyuma yake hakuna data, au data zipo lakini hazina mwenyewe.

Muundo huu ulibuniwa mwaka 2005 na TriMet, shirika la usafiri la Portland, Marekani, pamoja na Google. Ni huria, na mtu yeyote anaweza kuutumia bila kulipa. Tatizo ni kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya mabasi yenye ratiba. Matatu haina ratiba: hungoja ijae, ikijaa inaondoka. Steji nyingine hazina hata kibao, zinajulikana kwa jina la duka, kanisa au mti uliokatwa zamani.

Mradi wa Digital Matatus ulionyesha kwamba hata usafiri wa namna hiyo unaandikika. Ulianza mwaka 2012 ukiwakutanisha Chuo Kikuu cha Nairobi, vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, na kampuni ya Groupshot. Wanafunzi walipanda matatu njia baada ya njia, simu za GPS mkononi. Januari 2014 ilitolewa ramani ya njia zaidi ya 130, iliyochorwa kwa mtindo wa ramani za treni za chini ya ardhi, na data zenyewe zikaachwa wazi. Agosti 2015 matatu za Nairobi ziliingia kwenye Google Maps.

Ndani ya zipu kuna mafaili machache yanayobeba uzito wote. Faili la stops.txt huorodhesha steji: kitambulisho, jina, latitudo na longitudo. Kencom, kwa mfano, huandikwa hivi: KEN01,Kencom,-1.2857,36.8249. Faili la routes.txt hutaja njia. Trips.txt hutaja safari za kila njia, kwenda na kurudi. Stop_times.txt hupanga steji kwa mfuatano na muda wa kufika kila moja. Shapes.txt huchora mkondo wa barabara, calendar.txt husema huduma ipo siku zipi, na agency.txt humtaja mwendeshaji, ambaye kwa Nairobi huwa ni sacco au kampuni. Njia inahitaji kuwa na namba au jina, angalau kimojawapo. Daladala za Dar es Salaam hutambulika kwa ncha zake mbili, kama Mbagala–Kariakoo, kwa hiyo nafasi ya namba huachwa wazi, na rangi ya mstari ubavuni mwa gari inaweza kuwekwa kwenye safuwima ya rangi ya njia.

Dawa ya kukosa ratiba ni faili linaloitwa frequencies.txt. Badala ya kusema gari linaondoka saa ngapi, linasema kwamba kati ya 06:00:00 na 09:00:00 magari hupishana kwa sekunde 300, na safuwima ya exact_times huwekwa 0, maana yake hizo si saa kamili za kuondoka. Hesabu yake ni nyepesi. Kaa steji ya mwanzo, hesabu magari yaliyoondoka ndani ya saa moja, kisha gawanya 3,600 kwa idadi hiyo. Magari 12 yanatoa sekunde 300. Rudia saa za asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku, siku ya kazi na Jumapili, kwa sababu njia ileile hubadilika kabisa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Anayehesabu mwanzoni mwa njia anapata picha ya abiria wa mwanzoni tu. Asubuhi gari linalotoka Rongai limejaa halisimami tena njiani, kwa hiyo abiria wa steji ya katikati anaona magari kumi yakipita, lakini linalompakia ni moja. Ni vizuri kuhesabu pia katikati ya njia, na kuyaandika kando magari yaliyopakia mtu na yale yaliyopita tu. GTFS ya kawaida haina nafasi nzuri ya kuingiza tofauti hiyo, ila mpangaji wa jiji anaihitaji kuliko anavyohitaji ramani. Mchana mambo hugeuka: foleni ya kusubiri haiko steji, iko ndani ya gari lenyewe, abiria wameketi dakika ishirini wakingoja viti vijae.

Kurekodi njia kunataka kupanda gari kwenda na kurudi, kwa kuwa barabara za upande mmoja za katikati ya mji hufanya mkondo wa kurudi uwe tofauti. Simu irekodi mahali kila sekunde chache, na mrekodi abonyeze kila gari linaposhusha au kupakia. Kati ya maghorofa marefu GPS huyumba, na mstari unaonekana ukipita ndani ya majengo, hivyo lazima usahihishwe kwa mkono juu ya ramani. Tarakimu nne baada ya nukta ya latitudo na longitudo hukupa usahihi wa karibu mita 11, tano karibu mita moja. Kwa steji ya matatu nne zinatosha, maana steji yenyewe huhama zaidi ya hapo kulingana na askari alivyosimama. Pale ambapo abiria husimamisha gari popote, usibuni steji za uongo kila mita mia: weka 0 kwenye safuwima ya continuous_pickup, inayosema kupakia kunaruhusiwa njia nzima.

Makosa ya kuingiza data yana alama zake. Ukibadilishana latitudo na longitudo, Kencom inaangukia baharini kati ya Uhispania na Algeria. Ukisahau alama ya kutoa, inahamia kaskazini, upande wa Maralal. Saa nazo zina mtego wa kwetu: saa mbili asubuhi ni 08:00:00, si 02:00:00, na fomu iliyojazwa na watu wawili wanaohesabu saa kwa namna mbili ni balaa. Safari inayovuka usiku wa manane huandikwa 25:10:00, lakini programu za majedwali hupenda kuigeuza kuwa 1:10, na gari likawa limefika kabla ya kuondoka. Pitisha zipu kwenye kikaguzi cha bure cha MobilityData, shirika linalotunza muundo wa GTFS, kabla ya kuitoa.

Nauli ni sehemu dhaifu. Faili la nauli hutaka bei iliyopangwa, na Nairobi nauli hupanda mvua ikinyesha. Afadhali uiache kuliko kuandika bei itakayomgombanisha abiria na makanga.

Kisha kuna tarehe. Calendar.txt ina siku ya mwisho ya huduma, na ikipita bila mtu kuisogeza, njia zote hutoweka kwenye simu kwa mpigo, ingawa magari bado yanapiga honi nje. Hata tarehe ikiwa sawa, data huchakaa. Barabara ikijengwa au kituo kikihamishwa, steji zinasogea. Fedha za mradi hulipa ukusanyaji wa kwanza, na mara chache hulipa wa pili. Ofisi inayotoa leseni za njia ndiyo inayofaa kuzitunza, kwa sababu mabadiliko yanapita mezani kwake kwanza.

Hatua inayofuata ni GTFS Realtime, inayotoa habari za papo hapo, hasa kwa namna tatu: mahali gari lilipo, kuchelewa kwa safari, na tahadhari. Mbili za kwanza zinahitaji kifaa cha GPS kwenye kila gari na safari inayolingana na ile iliyoandikwa. Matatu inayokwepa foleni kwa kupita njia za ndani hailingani na chochote. Makanga naye, anayempelekea tajiri hesabu ya siku, hana sababu ya kufurahia kifaa kinachoonyesha amezunguka mara ngapi. Tahadhari hazina vikwazo hivyo. Zinahitaji mtu mmoja ofisini anayeandika kwamba steji fulani imefungwa leo na abiria wapandie wapi, na jiji linaweza kuanza nazo hata kabla ya kufunga kifaa kimoja garini.